Chakula cha vibanda vya Singapore kwenye mkahawa wa ughaibuni: uagize nini, ukile vipi, na nini huharibika njiani

Chakula hiki hakikuzaliwa mkahawani. Kilizaliwa juu ya mkokoteni na kando ya barabara, mchuuzi mmoja akiwa na karai lake moja na chakula kimoja anachokirudia miaka nenda miaka rudi. Anayeuza wali wa kuku hauzi laksa (tambi kwenye mchuzi wa viungo), na anayekaanga tambi hapiki supu. Serikali ya Singapore iliwaandikisha wachuuzi wa mitaani mwishoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1970 ikawajengea vituo vyenye maji, umeme na mifereji, na kufikia 1986 waliokuwa wakiuza barabarani walikuwa wamehamishiwa humo. Leo vituo hivyo vimepita 100, na Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wake kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Chini ya paa hizo mpango ni ule ule wa zamani: kibanda kimoja, kazi moja.

Mkahawa wa Kisingapore ulioko London, Perth au Toronto huenda kinyume kabisa. Jiko ni moja, wapishi wawili au watatu, na menyu ina vyakula 30 au 40. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia: wanaagiza kile walichokipenda walipokuwa Singapore, kinakuja kimelegea, wanaondoka wakisema mkahawa ni mbaya. Mara nyingi mkahawa si mbaya, ila chakula kile hakiliwezi jiko la namna hii. Kwa hiyo chagua kwa kuangalia jiko kwanza, hamu baadaye.

Wapo waliojaribu kuuhamisha mpango wenyewe. Urban Hawker ulifunguliwa New York mwaka 2022 ukiwa ukumbi wenye vibanda vingi vinavyojitegemea, kila kimoja na vyakula vyake. Ukipata mahali pa namna hiyo, sehemu kubwa ya tahadhari zilizoandikwa hapa hazitakuhusu. Kwingine kote, endelea kusoma.

Isome menyu kabla hujavua koti

Menyu fupi ni dalili njema. Vyakula 12 vinavyopikwa na mtu anayevijua huvishinda 45 vinavyotoka kwenye chupa za viungo vya dukani. Ukiona Singapore, Thailand, Japani na Vietnam zimebanana kwenye ukurasa mmoja, agiza kitu chepesi na usitegemee makubwa.

Usimpime mpishi kwa zile tambi nyembamba za mchele zilizokaangwa na unga wa binzari ya mchuzi, zinazoitwa "Singapore noodles" karibu kila mgahawa wa Kichina wa Ulaya na Marekani. Hazina kibanda chao cha jadi Singapore. Ni chakula cha migahawa ya Kikantoni, na Hong Kong ndiko zinakohusishwa zaidi. Zinaweza kuwa tamu, lakini hazikuambii lolote kuhusu jiko ulilokuja kulijaribu.

Majina nayo hudanganya, kwa kuwa Singapore na Malaysia hugawana vyakula na kuvipika tofauti. Haya manne huwakwaza wengi:

- Hokkien mee ya Singapore ni nyeupe: tambi za ngano za njano na tambi nyembamba za mchele, zikipikwa pamoja kwenye supu ya kamba mpaka ziinywe. Ya Kuala Lumpur ni nyeusi kwa sosi ya soya nzito. Ya Penang ni supu ya kamba yenye pilipili. Jina moja, vyakula vitatu.
- Laksa ya Singapore ina tui la nazi. Asam laksa ya Penang haina tui hata tone. Ni mchuzi mchachu wa samaki na ukwaju. Ukiitegemea moja ukaletewa nyingine, utadhani imeharibika.
- Carrot cake haina karoti wala si keki. Ni vipande vya figili nyeupe na unga wa mchele vilivyochemshwa kwa mvuke, kisha vikakaangwa na mayai. "Nyeusi" imetiwa sosi tamu ya soya, "nyeupe" haikutiwa.
- Bak kut teh ni supu ya mbavu za nguruwe. Mtindo unaojulikana zaidi Singapore ni mweupe, wenye pilipili manga kali na vitunguu saumu vizima. Wa Klang, Malaysia, ni mweusi na una harufu ya mitishamba. Neno "teh" ni chai, inayonywewa pembeni; ndani ya supu hamna chai.

Kisha muulize mhudumu swali moja: mpishi mwenyewe hula nini hapa akiwa na njaa? Swali hili hufanya kazi zaidi ya "kipi kizuri?", kwa sababu la pili hujibiwa kwa chakula ghali, la kwanza hujibiwa kwa chakula kinachopikwa kwa moyo.

Nguruwe, mvinyo, kamba na karanga

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, jina la chakula halitoshi. Char kway teow (tambi pana za mchele) ya jadi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe na kutiwa soseji ya Kichina. Supu ya Hokkien mee huchanganya kamba na mifupa ya nguruwe. Wali wa kuku unaonekana salama, lakini kuku wake huenda hakuchinjwa kihalali. Kule Singapore cheti cha halali hutolewa na baraza la Kiislamu, MUIS, na hubandikwa kwenye kibanda. Ughaibuni itabidi uulize mwenyewe. Uliza haya manne, kwa mpangilio huu:

1. Nyama mnainunua wapi, na ina cheti cha halali?
2. Mnakaangia mafuta gani?
3. Mnatia mvinyo wa mchele kwenye nyama au sosi?
4. Karai la vyakula vya nguruwe ndilo hilo hilo la vyakula vingine?

Maandishi ya mlangoni yanayosema hakuna nguruwe wala mafuta yake hujibu la nne na sehemu ya la pili tu. Hayajibu la kwanza wala la tatu.

Mwenye mzio wa kamba awe macho kuliko wote. Belacan, ile tofali ndogo ya kamba waliochachushwa na kukaushwa, imo kwenye sambal (pilipili ya kusaga), kwenye laksa, kwenye mboga za kukaanga, hata mahali ambapo hakuna kamba anayeonekana. Ndiyo maana laksa "ya mboga" mara nyingi ni laksa ya kawaida iliyoondolewa kamba wa juu. Viungo vya chini vina kamba wakavu waliosagwa. Mwenye mzio wa karanga aepuke satay (mishkaki ya sosi ya karanga) na rojak (saladi ya matunda na mboga yenye karanga), na aulize kuhusu nasi lemak (wali wa nazi).

Vyakula vinavyolivumilia jiko la ughaibuni

Wali wa kuku wa Kihainani ndio wa kuanza nao. Hauhitaji moto mkali. Unahitaji subira, na subira haihitaji kibali cha zimamoto. Wahamiaji wa kisiwa cha Hainan ndio walioufikisha Singapore, na siri yake imo kwenye wali kuliko kwenye kuku.

Onja wali peke yake kwanza, bila sosi. Mpishi anayejua kazi hukaanga mchele mkavu kwenye mafuta ya kuku pamoja na kitunguu saumu na tangawizi, kisha huupika kwa supu iliyomchemshia kuku, akitupia fundo la majani ya pandani (mmea wa jamii moja na mkadi wetu wa pwani). Punje ziachane, zing'ae kidogo, na ziwe na ladha ya kutosha kuliwa tupu. Wali ukiwa mweupe na umepooza mpaka unadai sosi, kuna mtu amepika wali wa kawaida akauweka kuku juu yake. Hapo usiagize zaidi.

Kuku aje na joto la kawaida. Wageni wengi humrudisha jikoni wakidhani amepoa, na anaporudi akiwa wa moto amekwisha kuharibika. Kuku mzima wa kilo 1.5 huzamishwa kwenye maji yanayotetemeka bila kuchemka kwa karibu dakika 40, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya barafu. Baridi hiyo ya ghafla hukaza ngozi na kugandisha utelezi mwembamba kama jeli kati ya ngozi na nyama. Ukiuona utelezi huo, kuna mtu jikoni anayejali. Usipouona, na kidari kikawa nyuzinyuzi, kuku alichemshwa kwa fujo. Aliyezoea kuku wa kienyeji ataona nyama hii ni laini mno; ulaini huo ndio uliokusudiwa. Wekundu kidogo karibu na mfupa hutokea hata kwa kuku aliyeiva, lakini nyama yenyewe ikiwa mbichi na inang'aa kama kioo, mrudishe bila aibu.

Sosi zinapaswa kuwa tatu: pilipili iliyosagwa pamoja na ndimu, kitunguu saumu na supu ya kuku; tangawizi iliyotwangwa; na sosi ya soya nyeusi, nzito kama asali ya miwa. Pilipili huenda na kuku, tangawizi huenda na kuku, soya hutiririshwa kidogo juu ya wali. Ukiletewa chupa ya pilipili tamu ya Kithai badala ya hizo, fahamu kwamba njia imekatwa mkato. Bakuli la supu pembeni ni la kusafisha kinywa katikati ya mlo, basi usilimalize mwanzoni.

Laksa ni ya pili, na huku anayetoka Mombasa, Tanga au Unguja ana faida: anajua tui. Msingi wake ni viungo vya kusaga, Wamalay huviita rempah: pilipili kavu, vitunguu vidogo vyekundu, hulinjani, mchaichai, manjano, belacan na kamba wakavu. Hukaangwa kwa moto mdogo, dakika 15 hadi 20, mpaka mafuta yapande juu na kubadilika rangi kuwa ya kutu. Ndipo tui linapoingia, na tangu hapo mchuzi hautakiwi kuchemka kwa nguvu.

Onja mchuzi kabla hujachanganya sambal iliyowekwa kando. Uchangachanga mwepesi ulimini ni wa kamba wakavu, ni sawa. Mafuta mekundu yanayoelea ni sawa pia. Makosa ni haya. Vijidonge vyeupe vinavyoelea: tui limekatika, mchuzi uliachwa uchemke tangu mchana. Harufu ya manjano mabichi na ukali unaokwaruza koo: viungo havikukaangwa vya kutosha. Mchuzi mzito kama uji: wametumia kopo la tui zito na chupa ya viungo vya dukani bila kitu kingine. Chupa yenyewe si dhambi. Ughaibuni wapishi wengi huanzia hapo, na aliyeongeza kamba wakavu wake na tui la kutosha hutoa bakuli zuri tu. Jani la laksa, daun kesum, ndilo linaloadimika. Pakiwekwa giligilani badala yake, chakula kinalika lakini harufu ile ya asili haipo.

Angalia tambi. Za asili ni nene, nyeupe, za mchele. Mikahawa mingi huweka nyembamba kwa kuwa ndizo zinazopatikana, nazo hunywa mchuzi kwa kasi ya ajabu: bakuli likiletwa, kula kwanza, piga picha baadaye. Kwenye mtindo wa Katong tambi hukatwa fupifupi, bakuli zima likaliwa kwa kijiko. Ukipewa kijiko bila vijiti, usidhani umesahauliwa.

Nasi lemak ni wali wa nazi, na Mswahili wa pwani ni hakimu mkali hapa. Tofauti na wa kwetu ni harufu ya pandani, na kwamba hauliwi na mchuzi wa kumwagia. Pembeni yake huwekwa dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na sambal yenye utamu wa sukari na vitunguu. Kula kwa kuchanganya kidogo kidogo, kila tonge lipate wali, dagaa mmoja wawili na ncha ya sambal. Ukikoroga sahani nzima, vyote vinakuwa kitu kimoja chekundu. Kosa la kawaida ni dagaa waliolegea kwa sababu wamelalia sambal. Omba sambal iletwe kwenye kibakuli chake.

Satay ni binamu wa mishkaki, mwenye vipande vidogo zaidi na utamu zaidi: manjano, mchaichai, giligilani na sukari. Sukari hiyo ndiyo inayoungua ncha na kutoa harufu, na ndiyo inayohitaji mkaa. Jiko la umeme huivisha nyama bila kuipa chochote, basi uliza kama wana mkaa. Kama hawana, agiza chache tu za kuonja. Sosi ya karanga iwe na chembe za kutafunika. Ikiwa laini kama siagi ya karanga ya dukani, huenda ndiyo hiyo hiyo. Tango na kitunguu kibichi vilivyo pembeni si pambo, huchovywa na kuliwa kati ya mshikaki na mshikaki, pamoja na vipande vya wali ulioshindiliwa, ketupat.

Michuzi ya kukaa jikoni muda mrefu, kama rendang (nyama iliyopikwa kwa tui na viungo mpaka ikauke) na mchuzi wa kichwa cha samaki, haina shida. Rendang ya jana mara nyingi ni bora kuliko ya leo.

Vinavyoharibika, na jinsi ya kuviokoa

Char kway teow ndiyo inayovunja mioyo. Ni tambi pana za mchele zilizokaangwa na sosi tamu ya soya, yai, machipukizi ya choroko na kombe wadogo, ikiwa na harufu ya moshi ambayo Wakantoni huiita wok hei, pumzi ya karai. Harufu hiyo hutoka kwenye karai la chuma lenye moto wa kutisha na chakula kidogo ndani yake, kikirushwa na kugeuzwa kwa dakika mbili tatu. Jiko la jengo la kukodi ughaibuni aghalabu halina moto huo. Tena saa mbili usiku, oda zikirundikana, mpishi hutia sahani tatu kwenye karai moja. Karai linapoa, machipukizi yanatoa maji, tambi zinachemka badala ya kukaangwa. Dalili zake ni dimbwi la kahawia chini ya sahani na tambi zilizokatikakatika. Kukatika huko pia hutokana na tambi zilizolala kwenye friji zikakakamaa.

Ukiitaka kwa vyovyote, fanya hivi. Nenda mapema, saa kumi na mbili jioni, mkahawa ukiwa bado mtupu. Agiza sahani moja, na kama mnahitaji mbili, agiza ya pili baada ya ya kwanza kufika ili zisipikwe pamoja. Omba isitiwe pilipili ya maji. Ikifika, iache laksa ipoe, hii haingoji. Kombe wa Singapore huliwa nusu wabichi, damu ikionekana. Ughaibuni kwa kawaida hutoka kwenye barafu, na ni afadhali waive kabisa, hasa kwa mjamzito.

Hokkien mee ina shida nyingine. Tambi zinapaswa kufunikwa na kutokota kwenye supu ya kamba mpaka zibaki na unyevu mzito, na supu hiyo hutengenezwa kwa vichwa na maganda ya kamba yaliyokaangwa. Mkahawa unaonunua kamba waliokwisha kumenywa hauna maganda, kwa hiyo hauna supu. Uliza: kamba wenu huja na vichwa? Jibu likiwa hapana, agiza kitu kingine. Ikija nzuri, kamulia ndimu juu yote na uchanganye sambal upande mmoja tu wa sahani, uweze kuonja pande zote mbili.

Roti prata, Malaysia wanaiita roti canai, ni ndugu wa chapati yetu ya tabaka, ila hukandwa na kurushwa hewani mpaka iwe nyembamba kama kanga, kisha hukunjwa na kukaangwa kwa samli. Mikahawa mingi hununua zilizogandishwa. Utaitambua: duara kamili, zote saizi moja, zinapasuka kama vigae. Inalika ikiwa ya moto, lakini usiilipie bei ya mkono. Irarue kwa vidole, chovya kwenye mchuzi, usiimwagie mchuzi juu.

Kaa wa pilipili hahesabiki tena kama chakula cha kibanda, japo alianzia kwenye mkokoteni katika miaka ya 1950. Menyu husema bei ya siku. Kabla ya kukubali, uliza bei ya kilo, uzito wa kaa huyo, na jumla yake kwa tarakimu. Agiza na mantou za kukaanga, maandazi meupe ya kuchovya kwenye sosi, kwani sosi ndiyo uliyolipia.

Pilipili: ipi na ipi

Kwenye kibanda kila chakula kina pilipili yake, na mkahawa unaozitofautisha ni mkahawa wa kuaminika. Pilipili kali zilizokatwa ndani ya sosi ya soya ni za supu na nyama za kuchemsha. Pilipili za kijani za kuloweka kwenye siki ni za tambi za wonton (vifuko vya unga vyenye nyama) na hor fun (tambi pana za mchele). Sambal belacan, ile ya kutwanga mbichi na kukamuliwa ndimu, ni ya mboga na samaki. Pilipili ya kuku ni ya kuku. Zote zikiletwa kutoka chupa moja, punguza matumaini kidogo.

Onja kila kitu kikavu kwanza. Anayemwaga pilipili kabla ya kuonja huzika makosa ya mpishi, na uhodari wake pia.

Kopi, chai na mkate wa kaya

Kahawa ya Singapore, kopi, hutokana na buni zilizokaangwa pamoja na sukari na siagi mpaka zikawa nyeusi tititi, kisha huchujwa kwa mfuko wa kitambaa. Ukiletewa ya mashine ya Kiitaliano iliyotiwa maziwa mazito, si yenyewe. Maneno ya kuagizia ni mchanganyiko wa Kihokkien, Kikantoni na Kimalay, nayo huunganishwa kama vipande:

- Kopi: na maziwa mazito matamu ya kopo.
- Kopi-O: kavu, na sukari.
- Kopi-C: na maziwa ya kopo yasiyo matamu, pamoja na sukari.
- Kosong: bila sukari. Siew dai: punguza utamu.
- Gau: nzito. Poh: nyepesi. Peng: ya barafu.

Hivyo "kopi-C kosong peng" ni kahawa ya barafu yenye maziwa ya kopo bila utamu wowote. Weka "teh" mahali pa "kopi" na utapata chai. Teh tarik ni chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu, kikombe hadi kikombe, mpaka itoe povu; ladha yake haiko mbali na chai ya maziwa ya mgahawani kwetu, ila utamu ni mzito. Watoto waagizie Milo dinosaur: Milo ya barafu yenye kilima cha unga mkavu wa Milo juu.

Mkate wa kaya ni wa asubuhi au saa kumi jioni. Kaya ni jamu ya tui, mayai, sukari na pandani, na hupakwa kwenye mkate mwembamba uliobanikwa mpaka ukauke, katikati pakiwa na kipande kinene cha siagi baridi. Siagi ikiwa imeyeyuka, mmechelewa kuletewa. Mayai mawili huja pamoja nao, yakiwa yameloweshwa kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa kwa dakika sita au saba, ute ukiwa bado unatetemeka. Yavunjie yote kwenye kisahani, tia matone machache ya sosi ya soya na pilipili manga nyeupe, koroga mara mbili tatu, chovya mkate. Kinachobaki hunywewa kutoka kwenye kisahani, na hakuna atakayekutazama vibaya.

Kupanga meza ya watu wanne

Agizo salama kwa ziara ya kwanza: nusu kuku na sahani tatu za wali wake, laksa mbili na vibakuli vitupu vya kugawana, satay 10, sahani moja ya kangkong (mboga ya majani) ya sambal, na vinywaji. Char kway teow iwe ya ziada, baada ya kuona jiko linafanyaje. Mwambie mhudumu mnagawana kila kitu. Bila hivyo vyakula vyote vitakuja pamoja kama milo ya watu wanne tofauti, na tambi zitafia mezani mkisubiriana. Mpangilio mzuri ni satay kwanza, kuku pili, laksa, kisha cha kukaanga mwisho.

Wali huliwa kwa kijiko mkono wa kulia na uma wa kushoto ukisukuma. Vijiti ni vya tambi. Prata na nasi lemak zinakubali mkono.

Mabaki ya kubeba yana sheria zake. Kuku na wali hubebeka. Kuku asirudishwe kwenye moto mkali, atakuwa nyuzinyuzi. Wali usiulaze mezani usiku, uingie kwenye friji mara ufikapo nyumbani. Laksa ichukuliwe ikiwa mchuzi mbali na tambi mbali, ukaipashe polepole bila kuichemsha. Char kway teow na prata msibebe.

Bei usiilinganishe na ya Singapore, ambako sahani ya wali wa kuku kwenye kituo cha wachuuzi bado hupatikana kwa dola chache. Linganisha na mikahawa mingine ya mtaa huo huo. Kabla ya kuacha bahasha ya ahsante, kagua risiti, kwani sehemu nyingi tozo ya huduma imekwisha kuongezwa.

Na tabia za vituoni ziache vituoni. Kule mtu huweka pakiti ya tishu juu ya meza, akaenda kupanga foleni, na meza ikawa yake. Wasingapore huita kuchope. Ukifanya hivyo London utarudi ukute watu wamekaa na wamefungua ile tishu. Trei nayo, ambayo Singapore tangu 2021 mteja asiyeirudisha anaweza kupigwa faini, mkahawani mwachie mhudumu.